Lori na Trela

Mtoto wangu alizaliwa na nyayo zinazotazamana. Ukimlaza chali, ungesema miguu inataka kupigiana makofi. Mkunga aliyenizalisha hapa Koboko alizipaka mafuta, akazinyoosha kwa vidole, akaziachia. Zikarudi zilikotoka kama mlango wenye springi. Akasema, "Hii itanyoka yenyewe." Haikunyoka. Alipofika wakati wa kusimama, alisimamia ubavu wa mguu, pale ambapo mwanadamu hana ngozi ya kukanyagia. Akaanguka, akasimama, akaanguka. Watoto wa wenzangu walijifunza kutembea, wangu alijifunza kuanguka bila kuumia.

Ninaandika jambo hili kwa sababu waliolifanya wamezeeka vizuri. Mmoja alikufa kitandani kwake, akazikwa kwa heshima. Mwingine yuko hai, ana ng'ombe, na Jumapili anakaa benchi la mbele. Majina yao siandiki, maana wajukuu wao wanakaa dawati moja na wajukuu wangu, na mtoto hana kosa. Lakini kazi zao nitaziandika moja moja, na mwenyewe akisoma atajijua. Shule niliishia darasa la tatu. Mtanivumilia.

Mume wangu alikuwa na lori. Kuukuu, kichwa cha buluu, ubavuni mbao mpya na mbao za zamani zimechanganywa. Alibeba tumbaku kutoka upande wa Omugo mpaka Arua, na kurudi alibeba chumvi, muhogo mkavu, chochote, mpaka Oraba mpakani. Miaka ile ya sabini na kitu, jeshi ndilo serikali hapa Uganda, raia mwenye lori alikuwa kama mtu anayetembea na nyama mkononi katikati ya mbwa. Afande mmoja wa kambi ya hapa alilitaka. Alikuwa anakuja uani kwetu, analizunguka lori, anapiga matairi teke polepole, anatafuna karanga, na maganda anatupa pale pale nilipotoka kufagia.

"Lori muzuri hii," anasema. "Haichoki kubeba raia?"

Mume wangu anacheka kile kicheko cha wakati ule, cha meno peke yake. "Inachoka, afande. Spea hakuna."

Kwa nguvu hakuweza kulichukua, kwa sababu mkubwa wake kambini alikuwa anasafirishiwa mahindi ya shamba lake na lori hilo hilo, bure. Akilipora, mkubwa atauliza. Kwa hiyo alisubiri. Ilibidi lori lije lenyewe, kwa mkono wa mwenye lori.

Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa hana kazi ila kukaa kwenye pombe na kumwambia mdogo wake jinsi ya kuendesha maisha. Mwaka wa nyuma alianguka na baiskeli akiwa amelewa, akavunjika mkono, na mume wangu akampeleka Arua hospitali. Alirudi na mkono mweupe wa plasta mpaka juu ya kiwiko. Miezi hiyo kilabu kizima kiliujua mkono ule: akitaka pombe, anagongea meza nao, ko, ko, ko, na mwenye pombe anakuja. Mkumbuke mkono huo.

Nilipoanza kusema mtoto naye apelekwe Arua, shemeji ndiye aliyekataa.

"Miguu ya mutoto ni kazi ya Mungu. Wewe unataka kumurekebisha Mungu?"

"Mkono wako nani aliuvunja, Mungu?" nikamjibu.

"Wewe mwanamuke, mudomo yako itakufikisha mahali."

Ulinifikisha Arua. Mume wangu alikuwa safarini ng'ambo ya mpaka, upande wa Kaya, hata siku ya kurudi haijulikani, kwa sababu lori lilikuwa linalala barabarani kama mlevi. Nikamwachia shemeji neno: mwambie ndugu yako tumekwenda hospitali kuonyesha miguu, nitarudi Jumapili. Nikambeba mtoto, tukapanda gari la tumbaku.

Daktari wa mifupa alikuwa mzungu mrefu, Kiswahili chake kidogo. Alishika miguu ya mwanangu kama mtu anayeshika matunda sokoni, akavuta hewa, akamwambia sista, na sista akaniambia mimi: "Dakitari anasema hii ingekuja siku ile ile ilizaliwa. Sasa imekomaa. Anasema atajaribu, lakini wewe usiende nyumbani. Ukienda nyumbani ukakosa hata mara moja, inarudi yote."

Basi tukalala wodini. Kazi yenyewe ni hivi. Kila wiki daktari anaukunja mguu kidogo kuelekea unakotakiwa kuwa, anaushikilia hapo, na fundi wa plasta anazungushia bendeji zilizolowekwa kwenye beseni, kutoka vidoleni mpaka pajani, goti limepinda. Plasta ikiwa mbichi ina uvuguvugu kama uji, na mtoto anatulia akidhani anaogeshwa. Halafu inapoa, inakaza, na hapo ndipo anajua amedanganywa. Wiki ikiisha inalowekwa, inakatwa kwa mkasi mkubwa, mguu unakunjwa tena mbele kidogo, inafungwa upya. Usiku wa kwanza mwanangu alijipiga na miguu yake mwenyewe mpaka chuma cha kitanda kikalia. Hakuwa analia maumivu. Alikuwa analia kama mtu aliyezikwa nusu.

Mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Mdoli hakuna, peremende hakuna, sukari yenyewe ilikuwa ni hadithi. Nilikuwa na mkono wangu tu. Nikagonga plasta ya kulia, ikalia ngo. Nikagonga ya kushoto. Nikaunguruma kooni, vile lori la baba yake lilivyokuwa linaunguruma likipanda kilima asubuhi ya baridi, linakohoa, linataka kuzimika, linakumbuka, linaendelea. Mtoto akanyamaza. Akanitazama mdomo. Nikashika mguu wa kulia: "Hii lori." Nikashika wa kushoto: "Hii trela."

"Loli," akasema.

"Na trela."

"Tela."

Kuanzia hapo hakuwa na miguu. Alikuwa na lori na trela. Asubuhi nilimtoa nje juani zikauke, nikamkalisha kwenye kanga kando ya ukuta, na safari inaanza: tunatoka Koboko, tunapita Kuluba, tunafika Oraba, tunashusha chumvi. Mimi naunguruma mpaka koo linakauka. Nambonyeza vidole vya miguu kuona kama damu inarudi, kama sista alivyonifundisha, na hiyo ikawa honi. Nikibonyeza kidole gumba anapiga kelele, "Piiii!" Kina mama waliokuwa wanafua pale wanaruka pembeni, wanasema, "Samahani, dereva, pita."

Lakini safari gani ya wakati ule haikuwa na kizuizi cha wanajeshi? Mtoto mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Alikuwa amepanda lori na baba yake mara nyingi, akikaa katikati, na maneno ya kizuizini alikuwa anayajua kuliko maneno ya kuomba maji. Siku moja sista anapita na sinia ya dawa, mwanangu akanyoosha mkono: "Simama!"

Sista akasimama.

"Kipande!"

Mama mmoja akaniambia kwa chini, "Mama, fundisha mutoto muchezo mwingine."

"Mchezo gani?" nikasema. "Si ndio uliopo."

Sista akainua ile saa aliyobandika kifuani, akaionyesha kama kitambulisho. Mtoto akaitazama sana, uso umekunjwa, midomo imetangulia mbele, vile vile kama wale watu. "Pita," akasema. Hapo wodi ikacheka, na kicheko kile nakisikia hata sasa, maana ilikuwa mara ya kwanza kumcheka mtu wa kizuizi bila kuangalia nyuma.

Beseni ndilo alilokuwa analiogopa. Fundi wa plasta akitokea mlangoni nalo, mikono yake myeupe kwa vumbi mpaka kwenye kiwiko, mtoto anaanza kutetemeka kabla maji hayajamgusa. Hata kuoga alikataa. Nikamwambia fundi, usiseme unaleta maji, sema unaleta mafuta. Basi akaja, akasimamishwa kizuizini.

"Mimi naleta mafuta, afande. Lori bila mafuta itaenda?"

Mtoto akafikiri. Akatikisa kichwa. "Mafuta hakuna," akasema. "Kesho."

Fundi alicheka mpaka akaweka beseni chini. Mwanangu alikuwa amesimama na baba yake kwenye pampu za mafuta za Arua mara ngapi, akalisikia neno hilo? Lakini akakubali kutiwa mafuta. Nilimshika mikono, nikaunguruma, daktari akakunja. Machozi yalikuwa yanatoka na yeye anasema "brrr, brrr" kupitia kwenye machozi. Siku nyingine plasta ilipokatwa, ikaanguka karanga moja, imevimba kwa jasho, imeacha kidonda kidogo nyuma ya goti. Alikuwa ameiingiza kwa juu, mzigo wa lori. Fundi akaiinua kwa vidole viwili akaionyesha wodi nzima: "Magendo! Dereva amekamatwa na magendo!" Mtoto akajifunika uso kwa kanga yangu.

Na miguu ilikuwa inakubali. Ninasema kweli. Wa kulia ulikuwa umeanza kutazama mbele. Daktari mwenyewe aliupigapiga, akatabasamu, akasema kwa kinywa chake, "Mzuri." Baadaye, alisema sista, plasta zitaisha na mtoto atavaa viatu maalumu vilivyounganishwa na chuma katikati, vya kulalia, miaka kadhaa, miguu isirudi. Viatu hivyo Arua hakuna. Baba ajitayarishe kwenda kuvitafuta mbali, au kutafuta fundi wa kuvishona.

Ndipo nikatuma ujumbe. Ujumbe huo nimeurudia kichwani mpaka maneno yamechakaa.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mtu wa Kongo, mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliyekuwa na mtoto wa dada yake wodini kwetu. Kila baada ya soko la Arua alikwenda soko la Koboko. Nikamwambia: "Dada, ukifika kwetu mwambie baba yake kwamba mtoto amefungwa miguu yote miwili. Hatutoki mpaka afunguliwe. Aje."

Mtu wa nje hatanielewa. Wodini sisi hatukusema kutiwa plasta, tulisema kufungwa. Mgonjwa akiulizwa, "Wewe unafunguliwa lini?" anajibu, "Mimi Alhamisi." Lilikuwa ndilo neno, fundi analisema, sista analisema. Nje ya ule ukuta, Uganda nzima, neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Lakini sisi tulikuwa tumekaa ndani mpaka tukaisahau nje.

Yule dada alifika Koboko, akamkuta shemeji, mume wangu bado hajarudi. Akatoa ujumbe kwa Kiswahili cha kwao, bila kuongeza wala kupunguza: "Mutoto bamemufunga kule Arua, miguu yote mbili. Mama yake eko naye. Habatoki mupaka bamufungue. Baba yake akuje." Akabeba kikapu chake cha samaki akaenda. Yeye simlaumu. Mdomo wake ulikuwa safi.

Mume wangu alitokea wodini siku ya mvua, mchana, hana kofia, hana viatu vya safari, miguu ina tope la njia nzima. Alisimama mlangoni akatuhesabu kwa macho, mimi na mtoto, mimi na mtoto. Akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Sijawahi kumwona amepiga magoti nje ya kanisa.

"Mungu mukubwa," akasema. "Wamewafungua."

"Nani?" nikasema. "Bado. Mpaka Alhamisi."

Akashtuka, akatazama mlangoni. "Alhamisi? Bado iko amefungwa?"

"Si unaona mwenyewe?" Nikainua shuka.

Aliitazama ile miguu myeupe. Akaweka kiganja juu ya plasta, akaondoa, kama anayepima sufuria. Mtoto alikuwa amemtambua, anaruka kwa makalio, anagonga kwa ngumi. "Baba! Loli! Loli ya baba! Na tela!"

Mume wangu akacheka. Si kile cha meno. Kilitoka tumboni, kikaendelea, mpaka wagonjwa wakageuka, na kilipokwisha alikuwa amelala na paji la uso kwenye plasta ya kulia.

Akanisimulia pale pale, kwa chini, mtoto anamwendeshea lori masikioni. Alirudi safari akamkuta ndugu yake amekaa mlangoni, mikono kichwani. Ndugu akamwambia: mke wako na mtoto wamekamatwa. Wamechukuliwa huko huko hospitali, mtoto amefungwa miguu, hawatoki. Ni kwa sababu ya lori. Nenda kwa yule afande, nenda sasa, usiende mikono mitupu. Na mume wangu alikwenda kambini na ufunguo mfukoni.

"Nikamwambia, afande, nasikia mtoto yangu imefungwa. Akaniangalia. Akasema, mtoto gani? Nikasema, ile ndogo, ya miaka mbili. Akaacha kutafuna karanga. Nikaona anataka kucheka. Halafu akasema, ndiyo. Iko kwetu. Kesi yake kubwa."

"Kesi yake kubwa?"

"Ndiyo hivyo alisema. Kesi yake kubwa, lakini wewe ni mutu yangu. Acha lori hapa. Nenda Arua hospitali, utakuta nimeshasema na wakubwa, wamemuachia."

Afande yule hakuwa anajua lolote. Hakuwa amemwona mtoto, hakuwa amesikia habari ya mtoto, ila alisikia mtu mzima anamletea uongo uliokwisha kupikwa, akaupokea, akala. Kesi ya mtu asiyeweza hata kusema "lori" sawasawa. Mume wangu alimshukuru. Aliniambia hivyo: "Nilimushukuru. Nilimushika mukono na mikono mbili."

"Acha," nikamwambia. "Lori ni bati. Kaa hapa."

"Bati ndiyo itanunua viatu," akasema. Sista alikuwa amekwisha kumwambia juu ya viatu vya chuma. "Nitarudi kwa mukubwa wake, yule wa mahindi. Yeye haki anajua."

Yeye haki anajua. Mume wangu alikuwa mtu wa kuamini kwamba juu ya kila mwizi kuna mtu mkubwa ambaye hajaambiwa.

Kabla ya kuondoka, mwanangu alimkatalia njia. "Simama! Kipande!" Akasimama, akanyoosha mgongo, akatoa leseni yake ya udereva kwenye mfuko wa shati, akaitoa kwa mikono miwili. Mtoto akaipokea, akaikagua juu chini. Halafu hakuirudisha. Baba akaivuta kidogo, mtoto akaikumbatia na plasta mbili na mikono miwili, akaanza kuvimbisha mashavu akitaka kulia. Siku hiyo alikuwa amechoka.

"Wacha," akasema baba yake. "Dereva ni yeye. Nitaichukua nikirudi."

Mtoto akampa ruhusa. "Pita."

Hajarudi. Wengine walisema alifika kambini, wengine walisema hakuvuka hata daraja la njiani. Mimi sikupewa mwili, sikupewa shati.

Shemeji ndiye aliyekuja kuniambia, na maneno aliyokuja nayo ni haya: kwamba ndugu yake alikamatwa kizuizini kwa sababu hakuwa na karatasi. Kwamba karatasi ilibaki na mtoto, si ile pale anaichezea. Kwamba mwanamke anayemfundisha mtoto michezo ya vizuizi anajitafutia. Aliyasema mbele ya wodi, amesimama penye miguu ya kitanda cha mwanangu, na kuna watu Koboko mpaka leo wanayarudia: ati yule mtoto mlemavu alimwua baba yake kwa mchezo.

Basi nijibu sasa, mbele ya kila asomaye. Mtoto wangu hakumwua mtu. Wakati ule ungeweza kuwa na karatasi shati zima, ukachukuliwa na shati. Na nimuulize yeye, wa benchi la mbele: wewe, mkono wako ulipovunjika, ulifungwa nini? Ulirudi kutoka hospitali ile ile, kwa fundi yule yule, ukawaambia watu kilabuni, "Dakitari amenifunga, nitafunguliwa mwezi ujao." Tulikusikia wote. Ulikuwa unagongea meza nao. Koboko nzima, kama kuna mtu mmoja aliyejua mtoto kufungwa miguu hospitali ni nini, ni wewe. Yule dada alipokuambia, ulielewa pale pale. Ukakaa mlangoni na kuweka mikono kichwani. Na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, watu walikuona umekaa mbele kwenye lori la buluu, kiwiko dirishani, dereva ni mwanajeshi, unavuta sigara. Kiwiko hicho hicho.

Sina la kuongeza.

Wodini mambo yaliisha hivi. Daktari alikwenda likizo kwao, na likizo ile ikawa ndefu, tukaacha kuiuliza. Fundi aliendelea peke yake wiki chache, anakunja kidogo kwa woga, anafunga. Halafu siku moja akaja bila beseni. Mtoto akamsimamisha.

"Kipande!"

"Afande," akasema fundi, na hakuwa anacheka, "leo mafuta hakuna. Kweli hakuna." Akaniangalia. "Mama, plasta imeisha. Store iko tupu. Nitamufungua, mumurudishe nyumbani. Zikija tutaita."

Akalowesha, akakata. Miguu ilitoka myembamba, myeupe kwa ngozi inayobanduka, imenyooka nusu: wa kulia unatazama mbele, wa kushoto bado unautazama wa kulia kama unamsubiri mwenzake. Mtoto akatafuta kitandani. Akainua shuka. "Loli iko wapi?" akasema. Nikamwambia imekwenda. Vile vipande viwili nilitaka nivichukue, lakini vilikuwa vimelowa na kuvunjika.

Hakuna aliyetuita. Nilimrudisha Koboko, si nyumbani kwetu, maana nyumba shemeji alikuwa amekwisha kuingia. Nikakaa kwa mama yangu, Kuluba. Huko nikawa fundi mimi. Nilichonga vijiti, nikachana kanga, nikamfunga kila jioni kama nilivyoona wanafunga. Nguo si plasta. Asubuhi nakuta imelegea, na mguu umerudi unywele mmoja. Kila asubuhi unywele mmoja. Huwezi kuuona ukirudi, kama vile huwezi kuona mtoto akikua, unaona tu siku moja kwamba umerudi. Alikuwa ananisaidia: jioni ananyoosha miguu mwenyewe, anasema, "Mama, funga." Nafunga. Naunguruma. Yeye alikuwa ameanza kukua, ananiambia, "Mama, usiungurume, hii ni vijiti."

Mwaka wa vita, sabini na tisa, serikali ilipoanguka kule chini, mji mkuu, na wanajeshi wakaanza kurudi kwetu mbio na kila walichoweza kubeba, sisi nasi tukakimbia. Barabara ya Oraba ilijaa watu, mbuzi, magodoro, vitanda. Mwanangu alikuwa mkubwa wa kutobebeka na mlemavu wa kutotembea. Alitembea. Alikanyagia ubavu wa miguu yote miwili, na pale ngozi ilipokuwa imejifanyia gamba, gamba likapasuka. Nilimbeba mpaka mgongo ukakataa, akashuka, akatembea, nikambeba. Mama yangu alikuwa amebeba sufuria, na nyuma yangu nilikuwa nasikia hatua za mwanangu, hazifanani na hatua za mtu mwingine: moja inagonga, moja inaburuta.

Kabla ya Oraba likatujia kwa nyuma. Nililijua kwa kukohoa kabla sijaligeukia. Kichwa cha buluu, mbao mpya na mbao za zamani. Limejaa makabati, magodoro, baiskeli zimening'inia. Yule afande amekaa juu ya magodoro na bunduki mapajani, na ndani mbele, karibu na dereva, kiwiko dirishani, namjua.

Watu wakaruka pembeni. Mwanangu hakuruka. Alibaki katikati ya njia, juu ya mbavu za miguu yake, akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi. Sijui alikumbuka nini. Alikuwa mdogo mno kukumbuka.

"Simama!" akapiga kelele. "Kipande!"

Nikamvuta kwa shati. Lori likatupita likitupaka vumbi, halikupunguza, na kwenye dirisha niliona kiwiko kikiingizwa ndani.

Likafika kilima cha mpakani kabla yetu. Sisi tulifika usiku umeingia, yeye mgongoni kwangu, damu ya miguu yake inanidondokea kiunoni. Miguu haijanyoka mpaka leo.